Nyuki Hachoti Asali: Somo Lililotushinda Darasa la Jumamosi

Leo tunaomba tuzungumze habari za nyuki. Msitucheke. Tunajua mmezoea kutuona katika kurasa hizi tukiandika juu ya madaraja, reli na mambo ya umeme, lakini safari hii tumeshikwa pabaya na mtoto wa miaka saba, na anayeumbuliwa na mtoto hana budi kwenda kusoma upya.

Kisa chenyewe ni hiki. Tuna darasa letu la Kiswahili la Jumamosi asubuhi, katika chumba cha kukodi hapa Uingereza. Watoto ni kama kumi na watano, wa umri wa miaka sita hadi tisa, na sisi wazazi tunapokezana kufundisha. Yupo wa nyimbo, yupo wa hadithi, yupo wa salamu na adabu. Na sisi wahandisi, kwa kuwa Mungu hakutujalia sauti ya kuimba, tulipewa hesabu. Jumamosi moja ya mwezi wa Mei binti mmoja alikuja na mchoro wa nyuki aliouchora shuleni kwao. Akatuuliza, "Anko, nyuki anatengenezaje asali?"

Tukajibu bila kusita, "Nyuki huruka kutoka ua hadi ua, anachota asali, anaipeleka mzingani."

Mtoto akatutazama kwa huruma. "Hapana, anko. Kwenye ua hakuna asali. Kuna nekta. Asali anaitengeneza mwenyewe. Nekta kwa Kiswahili inaitwaje?"

Chumba kikawa kimya. Tulikuwamo humo wahandisi, muuguzi, mhasibu na watu wawili wenye shahada za uzamili, na hapana aliyejua. Mwisho bibi yake yule binti, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi aliyefundisha miaka mingi mkoani Tabora, akasema kutoka kwenye kona alikokuwa amekaa, "Inaitwa mbochi. Niliwafundisha watoto wa darasa la nne. Nyinyi mlikuwa wapi?"

Tulikuwa wapi? Hilo ndilo swali lililozua mjadala baada ya darasa. Baba mmoja alisema, kwa nia njema, kwamba sayansi watoto wanaipata shuleni kwa Kiingereza, na sisi tuwafundishe shikamoo na marahaba, inatosha. Mama mwingine akajibu kwamba shikamoo wanaipata nyumbani kwake bure, na kama darasa halina zaidi ya hilo yeye hataendelea kuwaamsha watoto Jumamosi asubuhi. Maneno yakawa makali kidogo. Kamati ikaamua hivi: tuandae somo moja la nyuki, mwanzo hadi mwisho kwa Kiswahili, kisha wazazi waamue kama masomo ya namna hiyo yaendelee au darasa libaki la salamu na nyimbo. Kazi tukatupiwa sisi. Tukaenda kusoma, na tuliyoyakuta ndiyo tunayowaletea.

Jambo la kwanza lililotufariji ni kwamba kosa letu ni la kale na lina ukoo mkubwa. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliwachunguza nyuki kuliko wengi wa zama zake. Aliona kwamba nyuki akitoka mzingani hushikamana na aina moja ya ua katika safari ile, hachanganyi. Lakini hata yeye aliamini kwamba asali huanguka kutoka hewani, hasa nyota zinapochomoza, na nyuki huikusanya tu. Pliny wa Roma, katika karne ya 1, alirudia mambo hayo hayo, akajiuliza kama asali ni jasho la mbingu au mate ya nyota. Mshairi Virgil, aliyefariki mwaka 19 K.K., alieleza jinsi ya kupata bumba jipya la nyuki kutokana na mzoga wa ng'ombe. Na karibu wote walimwita mkubwa wa mzinga mfalme, kwani haikuwaingia akilini kwamba jeshi kubwa kiasi kile laweza kuwa chini ya jike.

Sisi tuliolelewa pwani tulikuwa na habari nyingine tangu chuoni. Sura ya 16 ya Qur'ani inaitwa An-Nahl, yaani nyuki, na aya zake za 68 na 69 zinataja kinywaji cha rangi mbalimbali kinachotoka matumboni mwa nyuki, ambacho ndani yake mna ponyo kwa watu. Wenzetu wa kanisani nao wanakijua kisa cha Samsoni aliyekuta asali ndani ya mzoga wa simba, katika Waamuzi sura ya 14. Tuliyasoma hayo kwa kuimba pamoja na wenzetu, lakini hatukusimama kujiuliza huko tumboni kinatokea nini. Ndiyo kasoro ya kukariri.

Sasa tuje mwaka 1609, mwaka ambao vitabu viwili vilichapishwa Ulaya. Kimoja ni cha Charles Butler, kasisi wa Kiingereza, alichokipa jina lenye maana ya Utawala wa Kike. Hapo Waingereza walisoma wazi katika lugha yao kwamba anayeitwa mfalme wa nyuki ni malkia. Cha pili kilichapwa Évora, Ureno, na mwandishi wake ni João dos Santos, padre wa Kidominikani aliyeishi Sofala mwishoni mwa karne ya 16. Sofala ni mji wa Waswahili wa kusini, bandari iliyopitisha dhahabu ya bara kwenda Kilwa na ng'ambo. Padre huyu aliona ndege wadogo wakiingia kanisani kwake na kudonoa nta ya mishumaa. Akaandika kwamba ndege hao huwaongoza watu porini hadi penye nyuki, watu wakachukua asali, na ndege akala nta.

Wazungu wengi walidhani ni hadithi ya mzee wa pwani. Lakini wawindaji na walina asali wa Afrika Mashariki walimjua ndege huyo siku zote. Baadhi ya vitabu vya ndege humwita mlembe. Mwaka 1989 mtaalamu wa Kenya, Hussein Isack, pamoja na mwenzake Reyer, walichapisha utafiti walioufanya na Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Walipima saa kwa saa: katika eneo wasilolizoea, bila ndege iliwachukua watu wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja wa porini, na kwa kuongozwa na ndege saa 3.2. Mwaka 2016 watafiti wengine wakathibitisha kule Niassa, Msumbiji, kwamba mlio maalumu wa Wayao wa kumwita ndege huyo huongeza nafasi ya kuonyeshwa nyuki kutoka kama asilimia 16 hadi 54. Na mwaka 2023 ikaonekana kwamba ndege wa Niassa huitikia zaidi mlio wa Wayao, na wale wa kwa Wahadzabe wa Tanzania huitikia zaidi mbinja za Wahadzabe. Yaani hata ndege hujifunza lugha ya nyumbani kwake. Tukasema, kumbe, na watoto wetu je?

Turudi mzingani. Aliyemaliza ubishi wa mfalme na malkia ni Mholanzi, Jan Swammerdam, aliyefariki mwaka 1680 akiwa na miaka 43. Alimpasua "mfalme" chini ya hadubini akamkuta na mayai tele. Michoro yake haikuchapwa hadi mwaka 1737 na 1738, zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake.

Lakini aliyetugusa zaidi ni François Huber wa Geneva, aliyezaliwa mwaka 1750. Huber alianza kupoteza macho akiwa kijana, na alipofanya kazi yake kubwa alikuwa kipofu. Macho yake yalikuwa ya mtumishi wake, François Burnens. Huber alibuni maswali, Burnens akatazama, akahesabu, akaumwa na nyuki, akarudi kueleza. Walitengeneza mzinga unaofunguka kurasa kwa kurasa kama kitabu, ili kila sega lionekane. Wakagundua kwamba malkia hupandwa nje, angani, wala si ndani ya mzinga. Wakawafungia nyuki pamoja na asali au sukari tu, na nyuki wakajenga masega. Walipowapa chavua peke yake, hawakutoa nta. Ndipo ikajulikana kwamba nta haichumwi mauani kama watu walivyodhani. Inatoka mwilini mwa nyuki kwa kula vitu vitamu. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1792. Huber, kwa uungwana wake, alimtaja Burnens wazi na kumsifu. Si mabwana wengi wa karne ile waliofanya hivyo.

Sasa na sisi tueleze fundi anavyoona kazi hii, maana hapa ndipo tulipojisikia nyumbani.

Nyuki kibarua hunyonya mbochi, yaani maji matamu ya ua, na kuyabeba katika kifuko maalumu kilichotangulia tumbo la chakula. Mbochi ni maji kwa sehemu kubwa. Akifika mzingani humpokeza nyuki wa ndani mdomo kwa mdomo. Huyu wa ndani huitoa tone tone kwenye ulimi wake na kuirudisha, tena na tena, na kila mara anaichanganya na vimeng'enya kutoka tezi zake. Kimeng'enya kimoja huivunja sukari ya mbochi kuwa sukari mbili nyepesi zaidi, glukosi na fruktosi. Kingine hutengeneza tindikali na kiasi kidogo cha haidrojeni peroksaidi, ile ile tuliyokuwa tukisafishia vidonda zahanati. Kisha maji hayo hutandazwa katika vyumba vya sega, na vibarua husimama wakipepea kwa mabawa usiku na mchana ili maji yaondoke kama mvuke. Maji yakishuka chini ya asilimia 20 hivi, hamira za hewani haziwezi kuishi humo, na asali haichachi. Hapo ndipo chumba hufunikwa kwa nta. Asali iliyowahiwa kabla ya kukauka huchacha, na wanaotengeneza wanzuki wanalijua hilo kuliko sisi.

Tazameni tena jinsi wanavyopoza nyumba. Chumba cha majana hukaa karibu na nyuzi 35 za sentigredi. Jua likizidi, vibarua huleta maji, huyapaka kwenye masega na kupepea. Ni hesabu ile ile ya mtungi wa bibi uliokaa kivulini: maji yanayokauka huondoka na joto. Sisi tulilipa karo ughaibuni kufundishwa kanuni hiyo kwa herufi za Kigiriki, na mtungi tuliuacha jikoni kwetu.

Na lile sega la pembe sita? Pappus wa Alexandria, katika karne ya 4, alisema nyuki wamechagua umbo linalobeba asali nyingi zaidi kwa nta ile ile. Wanahisabati waliliamini jambo hili kwa karne nyingi bila kuwa na uthibitisho kamili, hadi Thomas Hales alipolithibitisha mwaka 1999. Kwa jasho lote hilo, kibarua mmoja katika maisha yake hutoa asali kama sehemu moja ya kumi na mbili ya kijiko cha chai. Msomaji unayetia vijiko viwili kwenye chai yako, piga hesabu umekunywa umri wa nyuki wangapi.

Baada ya hapo tukataka kujua: na kwetu je? Watu wa Unyamwezi wamekuwa wakitundika mizinga ya magogo na ya magome katika misitu mikubwa ya miombo tangu enzi, na nta yao ilishuka pwani na misafara na kwenda ng'ambo. Hata hilo neno miombo, ambalo wataalamu wa misitu duniani wanalitumia leo, limetoka katika majina ya wenyeji ya miti hiyo. Tabora ndiko kilipo chuo cha serikali cha ufugaji nyuki. Mzinga wa gome una dosari yake, kwani gome likivuliwa lote kuzunguka shina mti hufa, na ndiyo maana mabwana nyuki wamehimiza mizinga ya mbao. Lakini mzee aliyepanda mti usiku na mwenge wa kinda la moto, akajua kwa harufu na kwa uzito kama masega yameiva, alikuwa na elimu. Haikuandikwa tu.

Katika kipindi cha Mwingereza, afisa wa nyuki wa Tanganyika, F. G. Smith, aliandika sana juu ya nyuki wetu. Mwaka 1961 aliwapa majina ya kitaalamu nyuki wa pwani yetu na wale wa milimani. Kwa hiyo vitabu vya dunia vina nyuki wa pwani ya Uswahilini, mwenye jina la Kilatini lenye maana ya ufukwe. Walina asali waliompeleka Smith kwenye mizinga hiyo, majina yao hatujayaona. Wao hawakumpata Huber wao.

Rika letu lilipita katika Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967. Tulilima mashamba ya shule, tulifuga kuku, na zipo shule zilizokuwa na mizinga. Sayansi tulifundishwa kwa Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari ilipoadimika madukani, nyumba nyingi zilirudi kwenye asali, na tulikunywa chai ya asali tukinung'unika kwa kuona tumekuwa maskini. Leo tunainunua kwa bei kali kwenye maduka ya vyakula vya afya. Hivyo yule bibi alikuwa na haki kutuuliza tulikuwa wapi. Tulikuwamo darasani. Tulifundishwa chavua, majana na mbochi, kisha tukaenda sekondari, tukabadilisha lugha, na maneno yale tukayaacha kama mtu aachavyo sare ya shule iliyombana.

Kuna kisa kimoja cha nyuki wetu ambacho watu wa ughaibuni lazima wakijue. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazili, Warwick Kerr, aliagiza malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika. Nyuki wa Kizungu walikuwa hawafanyi vizuri kwenye joto la Brazili, naye alitaka kuwachanganya. Mwaka 1957, huko Rio Claro katika jimbo la São Paulo, makundi 26 yalitoroka. Yakaingia msituni, yakaoana na nyuki wa huko, na uzao wao ukasambaa bara zima. Mwezi wa Oktoba 1990 waliingia Marekani kupitia Texas. Magazeti yaliwaita wauaji, na filamu za kutisha zikatengenezwa. Ni kweli kwamba ni wakali na kwamba wameua watu; hatuwatetei kwa hilo. Lakini Wabrazili walijifunza taratibu namna ya kuwafuga, na asali ya Brazili ikawa bidhaa ya kuuzwa nje. Tulipowasimulia watoto kisa hiki, mmoja aliuliza, "Walikuwa na viza?" Tukacheka wote, lakini wakubwa tulicheka kidogo kuliko watoto.

Upande wa lugha nako tulijifunza. Nyuki ni neno letu la Kibantu. Asali tumelichukua kwa Waarabu, na tukalipanua: tuna asali ya miwa na asali ya tende, ndiyo maana hatuna budi kusema asali ya nyuki tukitaka kutofautisha. Ndugu zetu wa Rwanda na Burundi wao wamebaki na jina la zamani: nyuki kwao ni inzuki, na asali ni ubuki, mzizi mmoja. Wakikuyu nao huiita uuki. Na mzinga wetu, ule wa gogo lenye uwazi, ndio uliolipa jina bomba la kupigia baruti. Kila rais anapopigiwa mizinga 21 jueni kwamba nyuki wametajwa. Kwa ndugu zetu wa Oman, magogo ya mtende yaliyochimbwa ndani ndiyo mizinga yao ya asili, na asali wanayoithamini sana ni ya mti wa sidri, ndugu wa mkunazi wetu. Mtu wa Mkunazini, Unguja, akifika Muscat akauziwa chupa hiyo kwa bei ya dhahabu, asishangae. Ni jamaa wa nyumbani.

Sasa tufike mwisho wa somo. Katika utafiti wetu tulikuta jambo lililotokea hapa hapa Uingereza. Katika kijiji cha Blackawton, Devon, watoto 25 wa shule ya msingi, wa miaka 8 hadi 10, walibuni jaribio lao juu ya nyuki, wale wanene wenye manyoya wanaoonekana bustanini. Waliwauliza nyuki, kwa njia ya maua ya taa na maji ya sukari, kama wanaweza kutumia rangi pamoja na mpangilio wa maua kuamua waende wapi. Wakaona wanaweza. Mwanasayansi aliyewasaidia, Beau Lotto, hakuwaandikia. Waliandika kwa maneno yao, wakachora kwa penseli za rangi, wakaanza kama hadithi inavyoanza. Desemba 2010 kazi yao ilichapishwa katika jarida la kitaalamu la Royal Society. Wataalamu waliikubali kama kazi ya kweli, kwa maana watoto walitazama kwa macho yao na kusema walichokiona kwa lugha waliyoimiliki.

Hapo tulijua namna ya kufundisha. Hatukuhubiri. Tulileta sega zima, na kila mtoto akalitoboa kwa kidole. Tulimpa mmoja kazi ya kuwa ua, mwingine mchumaji, wengine vibarua wa ndani, na tone la maji ya sukari likapita kijiko kwa kijiko huku wengine wakipepea kwa madaftari. Bibi alisimama ubaoni na maneno yake: mbochi, chavua, nta, sega, majana, kibarua, dume, malkia, kulina. Saa nzima halikutoka neno la Kiingereza, ila mtoto mmoja alipoumia kidole.

Jumapili yake yule binti alimpigia simu babu yake, kaka wa bibi, mlina asali wa Sikonge, mkoani Tabora. Siku zote mazungumzo yao yalikuwa shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, haya mpe mama simu. Safari hii alimweleza yote, kuanzia mbochi hadi kifuniko cha nta. Mama yake anatuambia mzee alinyamaza, akadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Sasa nikwambie ambalo mwalimu wako hakukwambia. Sega ambalo halijafunikwa tunaliacha. Hata liwe zito vipi, tunaliacha. Hilo ni la nyuki." Wakaongea dakika arobaini. Mzee alitaka kujua nyuki wa Uingereza wanafanya nini wakati wa theluji, na mtoto akamwambia kwamba hujikusanya bumba moja na kutetemeka ili wapate joto, wakila akiba yao. "Basi ndiyo maana tunawaachia," mzee akajibu.

Kamati ilikutana. Yule baba wa shikamoo na marahaba hakubadili mawazo yake yote. Bado anasema tusiwachoshe watoto. Lakini tumekubaliana kuwa na somo moja la namna hii kila mwezi hadi mwisho wa mwaka, na watoto wake wanakuja. Mwezi ujao ni mvua, na tayari tumeanza kuogopa maswali.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali, nasi tumefuata kwa kuchelewa. Tunawaomba wasomaji mfanye jambo moja kabla ya toleo lijalo. Mpigieni simu mzee mmoja nyumbani, awe wa Sikonge, Kitui, Kigoma, Pemba au Bujumbura, mkamuulize kwao mzinga unatundikwaje, mti gani una asali nzuri, na ndege yule wanamwitaje. Andikeni atakayoyasema, pamoja na jina lake kama ataridhia, kisha mtuletee. Tutayachapa.

Tukutane toleo lijalo, inshallah.